Moshi wa Pilipili

Vitoto vya panya vilianguka sakafuni kutoka kwenye gunia wakati bekari imejaa wateja. Vilikuwa vyekundu, havina manyoya, macho hayajafunguka, vikajinyonganyonga pale chini kati ya miguu ya watu waliokuja kununua mikate ya chai. Mwalimu mmoja wa kike aliyekwisha kutoa noti aliirudisha kwenye mkoba, akaondoka bila kuaga. Wengine wakamfuata. Ema, ambaye ndiye aliyeleta gunia lile, alisimama na kanga yake kiunoni, hajui aviokote kwa mikono au ajifanye gunia si lake.

"Shemeji," alisema Dulla, mchoma mikate, naye bado ameshika mdomo wa gunia, "sisi tuliagiza kuni. Wewe umetuletea mifugo."

Waliobaki walicheka. Ema naye alicheka, kicheko kile cha mtu asiyejua pa kuuweka uso wake. Dulla hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, amekuja Makambako na malori ya mahindi, akaona baridi ya huku inampenda, akaoa hapo hapo, na utani ulikuwa ndiyo salamu yake. Lakini kuna siku utani unamkuta mtu hana nguvu ya kuubeba. Ema alichukua ufagio wa bekari akafagia mwenyewe, akavisukuma vile vitoto hadi nje mtaroni, na watu wa barabarani wakamwangalia.

Mzee Mustapha, mwenye bekari, alimwita nyuma, karibu na tanuri. Hakumfokea. Pengine angemfokea ingekuwa nafuu.

"Mama Peace, mimi na wewe hatujakosana hata siku moja. Madonge yako nayapenda. Moto wake haulali na majivu yake ni kidogo. Lakini mimi nauza chakula. Bwana afya akipita hapa akakuta kinyesi cha panya kwenye unga, ananifungia mlango, nami sina biashara nyingine."

"Nitaweka dawa, mzee."

"Dawa sitaki kuisikia. Panya ale sumu huko kwako aje afie kwenye unga wangu, si nitakuwa nimeua watu?"

"Basi nifanyeje?"

"Hilo ni lako. Jumamosi ulete mzigo mwingine. Nikikuta hata kinyesi kimoja, narudi kwenye kuni za miti ya miwati. Wapo wanaonibembeleza kila siku, na wananiletea mpaka mlangoni."

*

Tusemezane ukweli, panya wale walikuwa wamealikwa. Kiwanda cha mbao alichofanyia kazi Abrahamu, mume wa Ema, kilipouzwa katika zile enzi za soko huria, mwenye mali mpya aliwapunguza wafanyakazi kwa makundi, na waliopunguzwa wakaambiwa kama kuna wanaotaka maranda waje wazoe bure. Maranda ni ule unga na takataka za mbao zinazobaki msumeno ukishapita. Wengi walitukana wakaenda zao. Abrahamu alizoa. Alikata kipande cha bomba, akachonga mchi wa kuingia ndani yake, na mkewe akawa anachanganya maranda na uji ili yashikane, wanashindilia, wanatoa donge, wanalianika juani. Likikauka linawaka kuliko kuni.

Kosa lilikuwa kwenye ule uji, na nyumba nzima ilijua. Ulikuwa uji wa mahindi. Walijaribu udongo, donge likashikana vizuri, lakini tanuri la Mustapha likajaa majivu akayakataa. Unga wa muhogo huku juu unaletwa na malori na bei yake si ya watu wa mtaa wa Lyamkena. Basi ikabaki mahindi, maana Mbena akitaka kushikanisha kitu chochote, hata angekuwa anajenga daraja, wazo lake la kwanza ni uji wa mahindi. Panya wa mtaa wote wakaandaliwa meza. Wakala madonge, wakatoboa magunia, wakazaa humo humo kwenye joto, huku nje ni Julai na nyasi zinaamka zimeganda umande.

"Amesemaje?" Abrahamu aliuliza jioni ile. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akinoa panga ambalo halikuhitaji kunolewa.

"Jumamosi. Akikuta kinyesi, basi."

Abrahamu aliendelea kunoa. Tangu apunguzwe kazi alikuwa mtu wa kujibu baada ya muda, na mara nyingine hakujibu kabisa.

"Mustapha akituacha, mama ntilie wawili watatu hawatulishi," Ema alisema. "Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Na kodi ya nyumba?"

"Tutarudi kijijini kwa kaka."

"Mimi kwa kaka yako sirudi, baba Peace. Nimeshalala kwenye lile jiko masika nzima, na mke wake anafunika sufuria nikiingia. Mwanangu aliomba chumvi akaambiwa aende akaombe kwa baba yake kiwandani. Sirudi. Afadhali niwale hawa panya."

Abrahamu aliweka panga chini. Alitaka kusema neno la kiume, la kuituliza nyumba, akalitafuta, hakuliona.

Walijaribu kila walichokiweza. Ema aliazima paka kwa jirani yake Ida. Paka akala dagaa za watu, akapanda juu ya magunia akalala, kwa maana naye alisikia baridi. Wakatega ndoo ya maji na chupa iliyopakwa mafuta. Panya wawili wapumbavu wakazama, wenye akili wakaendelea na shughuli zao. Kila asubuhi Ema alifungua mlango wa stoo, na ile harufu ya mkojo ikamjia.

*

Alhamisi akaja mama mkwe, Bibi Fidelia, na kikapu cha viazi mviringo kichwani. Alikuja kumsalimia mwanawe tu. Alipokwisha kuamkiwa "kamwene" akaitikia, akanywa chai na kuoneshwa stoo, aliguna.

"Mtoto wa Kibena mzima unashindwa na panya?"

"Nimeshindwa, mama."

"Kwetu mahindi yanakaa darini mwaka mzima, juu ya moto. Umewahi kuona nimefuga paka?"

"Sijawahi."

"Ni moshi. Panya na moshi hawakai nyumba moja. Na ukitaka wasirudi, unatia pilipili kichaa. Niachieni mimi."

Hakuna aliyekuwa na la kumpinga. Kule kijijini mama mkwe ndiye aliyekuwa akifukiza dari la nyumba yake tangu alipoolewa, na mahindi yake yalifika msimu hadi msimu bila kuguswa. Ila dari la kijijini lina mahindi yenye maganda yake, na moto uko chini kabisa, mbali. Tofauti hiyo hakuna aliyeiwaza, hata Abrahamu aliyekaa kiwandani miaka yote ile akisoma kibao cha kukataza sigara karibu na maranda. Mtu akiwa na mama yake anakuwa mtoto.

Ijumaa mchana Bibi Fidelia alijaza makaa kwenye kigae cha chungu, akamwagia pilipili kavu, akaingia stoo amejifunga kanga puani. Alikwenda gunia hadi gunia. Anafungua mdomo wa gunia, anakiegemeza kigae pale, anapepea kwa ungo ili moshi uzame mpaka chini, halafu anahamia jingine. Ema alikuwa nyuma yake, machozi yanamtiririka.

"Mama, cheche zinaruka."

"Cheche za pilipili hizo. Zinakufa zenyewe."

Nao panya wakatoka. Walitoka kwenye magunia, chini ya mlango, kwenye tundu la ukuta, wanapiga chafya kama watu, na nje walikuwa wanasubiriwa na Abrahamu na mchi wake, mtoto wao Peace na ufagio, Ida na mwiko wa ugali, na watoto wa mtaa na chochote walichokipata. Abrahamu alimkosa panya akapiga kidole chake mwenyewe cha mguu, akaruka kwa mguu mmoja, akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Ema alisimama akamtazama mumewe akicheka, na akahisi furaha ya wazi kabisa, furaha ambayo hakuwa nayo tangu kiwanda kiuzwe. Bibi Fidelia alitoka wa mwisho, macho mekundu, akaomba maji ya kunywa.

"Mkwe wangu," alisema, "na hili nalo lilikushinda?"

Lakini alilisema kwa upendo, na usiku ule wakala viazi pamoja.

*

Jumamosi Mustapha aliingiza mkono kwenye gunia la kwanza mpaka begani. Akatoa donge, akalinusa, akapiga chafya tatu mfululizo.

"Umewatia pilipili?"

"Wamehama, mzee."

Akapekua gunia la pili, na la tatu. Hakukuta kinyesi. Akamlipa Ema hapo hapo, akamwambia wiki ijayo alete kama kawaida. Dulla ndiye aliyeyabeba magunia kuyaingiza kwenye kile chumba cha kuni nyuma ya tanuri, na alikuwa na furaha kuliko wote.

"Shemeji, umeniponya. Usiku wa kazi nalala kule mbele kwenye baraza ya kuuzia kwa sababu humu walikuwa wanapita juu ya uso wangu. Na baridi hii inavyokata! Leo nafunga mlango wangu, najilaza juu ya magunia yako mpaka saa ya kuwasha tanuri."

"Usije ukachelewa kuamka, watu wakakosa mikate."

"Nikichelewa, lawama zako. Umenitandikia vizuri mno."

Ema alirudi kwake kwa kupitia sokoni. Alinunua sukari na nyama nusu kilo kwa ajili ya mama mkwe, na alipokuwa akingojea nyama ikatwe alijikuta anaimba pambio kwa sauti ya chini.

*

Asubuhi ya Jumapili, wakijiandaa kwenda ibadani, Abrahamu aliingia stoo kutafuta brashi ya viatu. Alimwita Ema kwa sauti ambayo Ema hakuitambua.

Gunia lililokuwa pembeni, moja ya yale yaliyobaki, lilikuwa limezama katikati. Kwa nje lilikuwa zima. Abrahamu alipolifungua, madonge ya ndani yalikuwa bado na umbo lake, yamepangana vile vile, lakini yalikuwa majivu matupu, na alipoyagusa yakaporomoka, chini yake kukaonekana wekundu. Hapakuwa na ndimi za moto. Palikuwa na joto, na hewa nzito iliyomfanya Ema ashike ukuta.

"Toka nje," Abrahamu alimwambia. Akaburuta gunia uani akalimwagia maji ndoo baada ya ndoo.

Walikuwa wamesimama juu ya lile tope jeusi Ida alipoingia na habari. Leo Makambako hakuna mikate. Dulla amekutwa amekufa chumba cha kuni. Mustapha amevunja mlango, moshi umejaa, gunia moja limeungua, na Dulla amelala juu ya mengine, hana jeraha hata moja. Karai la majivu lilikuwa humo. Watu wanasema alichota makaa ya tanuri, akajifungia nayo aote moto. Askari wamekuja wakaliona karai, wakaandika, wakaondoka. Anazikwa leo leo alasiri.

Ida alilisimulia lote bila kuvuta pumzi, akaenda nyumba ya pili. Hakuuliza lile tope ni la nini.

"Lazima tukaseme," Ema alisema.

"Ukaseme nini?"

"Unajua nini."

"Atafufuka?" Abrahamu aliuliza. "Ukisema, watauliza nani aliwasha. Utawaambia nani? Mama yangu apelekwe kituoni na umri ule?"

Bibi Fidelia alikuwa mlangoni. Amevaa gauni lake la ibada, ameshika kitabu cha nyimbo. Hakuna aliyejua alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Mimi nilitia moshi," alisema polepole. "Sikutia moto."

Alirudi ndani akaketi kitandani, na ibadani hakwenda. Kesho yake alipanda gari kurudi kijijini, na viazi alivyokuja navyo vilikuwa havijaisha.

*

Siku ya mazishi Ema alikaa msibani na wanawake wengine, akanyamaza. Siku ya pili akanyamaza. Alimwonea huruma mama mkwe, alimwogopa askari, na zaidi ya yote aliliona lile jiko la kijijini na mwanamke anayefunika sufuria. Tusimpambe. Mtu ana mtoto, na sehemu ya kulala ina thamani.

Lakini maneno ya msibani hayakai mahali pamoja. Kwanza walisema Dulla alikuwa mzembe. Halafu mtu akauliza, mzembe gani wa kujifungia na makaa, mtu mwenye akili zake? Lazima alikuwa amelewa. Kufika siku ya pili jioni ilikuwa inajulikana mpaka kilabu alikokunywa ulanzi, na mkubwa mmoja wa msikitini aliwaomba watu kwa sauti wamsamehe marehemu udhaifu wake. Alikusudia wema. Chiku, mke wa Dulla, alisikia yote kupitia dirisha, kwa maana alikuwa amekaa eda katika chumba chao kimoja cha kupanga.

Siku ya tatu ilikuwa ya hitima. Ema alipofika, Mustapha alimwona akamfuata hadi kwenye kichochoro.

"Mama Peace, kuni zimetuishia na pilau haijaiva. Niletee magunia mawili. Hapa msibani usidai, nitakulipa mwenyewe." Alishusha sauti. "Na jiandae. Bekari naifungua kesho. Yule mwenye hoteli ya stendi nimemwambia habari zako, naye anataka. Utaongeza mzigo mara mbili. Haya mambo ya Mungu tu, lakini kwa upande wa panya umenisaidia sana."

Ema alisema ahsante. Neno lilitoka lenyewe. Alijifunga kanga kichwani akaingia chumbani kwa Chiku, akakaa kwenye mkeka, akapewa kitunguu saumu amenye.

Chiku alikuwa ameketi kwenye kona, ameegemea ukuta. Alikuwa anaongea na kila aliyeingia, maneno yale yale.

"Dulla hakunywa ulanzi. Hata harufu yake alikuwa haipendi. Na lile karai ni la kuzolea majivu asubuhi, kila siku linakaa humo. Waulizeni."

"Nyamaza, mwanangu," mwanamke mmoja wa makamo alimwambia. "Marehemu hasemwi."

"Mbona nyie mnamsema?"

Visu viliendelea kumenya. Chiku alifuta pua kwa ncha ya kanga, akasema tena, sasa kwa sauti ya mtu anayeanza kuchoka kuamini maneno yake mwenyewe, "Labda alichota kweli. Baridi ilikuwa kali. Labda alichota, asiniambie."

Hapo Ema aliweka kisu chini.

"Hakuchota, Chiku."

Chiku alimtazama.

"Moto ulikuwa ndani ya gunia langu," Ema alisema. "Tuliwafukiza panya kwa makaa, cheche ikaingia, ikawa inaungua ndani kwa ndani. Tulimletea tukiwa hatujui. Kwangu nako tulilikuta jingine linaungua vile vile."

"Mlilikuta lini?"

"Jumapili asubuhi."

"Kabla hajazikwa."

"Kabla hajazikwa."

Wanawake walikuwa wameacha kumenya. Chiku hakulia wala hakupandisha sauti. Alikuwa anapiga hesabu yake pole pole, na Ema alimwona akiifikisha mwisho.

"Kwa hiyo jana, walipokuwa wanaombwa wamsamehe ulevi, wewe ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa."

"Nilikuwa nimekaa hapa."

"Na mikono yangu uliishika ukaniambia pole."

Ema alikusanya maganda ya kitunguu yaliyomwagika mapajani mwake.

"Mimi niko eda, siwezi kwenda kwa wanaume," Chiku alisema. "Nenda wewe. Hawa wanawake nitaongea nao mimi. Wewe nenda kwa wale waliombeba."

Ema aliinuka. Akapita kati ya wanawake mpaka mlangoni. Nje, wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka na mabenchi chini ya turubai, wanangojea chakula. Abrahamu alikuwa benchi la mwisho, pembeni, na alipomwona mkewe anakuja moja kwa moja kati ya wanaume, na sura ile, alielewa. Alitikisa kichwa taratibu. Ema alimwona, akaendelea kutembea. Mazungumzo yakakatika mkeka baada ya mkeka. Mustapha aliinuka kumpokea, amekunja mikono ya kanzu tayari kwa kubeba.

"Mzigo umefika?"

"Haujafika," Ema alisema. Kisha akageuka kuelekea turubai lote, akasema kwa nguvu ili wa nyuma wasikie. "Dulla hakuwa amelewa. Na moto haukuwa wake."